Maji ya Kunawa Baada ya Mazishi

Germaine, jirani yangu hapa Shituru, anapokea simu katika mradi wa maji ulioletwa ili Likasi iwe mji wa kesho. Kila bomba lina mita inayopeleka hesabu kwenye kompyuta za mbali, huko wanakokuita mawinguni, na kompyuta hizo hufunga maji zikidhani yanavuja. Anayefungiwa humtukana Germaine. Amezoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kisha mama yake akafa. Kwetu mtaa mzima huhamia kwa mfiwa: watu wanapika, wanaoga, wanalala uani. Mita ikaona nyumba ndogo inakunywa maji ya kutosha kijiji kizima, ikafunga. Majirani tukachota kwetu, na kwetu kukafungwa. Avenue nzima, barabara yetu yote, ikakauka.

Mfiwa hukaa mkekani. Kazi ni ya wengine. Lakini kufungua kunataka kidole cha Germaine, ndicho pekee kilichosajiliwa kwenye mashine ya ofisini. Akaenda na kitambaa chake cha kilio kichwani, akafungua, akarudi. Yakafungwa. Akaenda tena. Nilichoka mimi niliyekuwa nimekaa tu.

Siku ya mazishi mabomba yalikuwa makavu. Na anayetoka makaburini, akiwa ametupa udongo kaburini, lazima anawe mikono langoni, asije akaingiza kifo ndani. Germaine akampigia Franck, fundi wa mradi aliyeko Lubumbashi.

"Courage, jikaze, Maman Germaine. Masini iko najifunza. Mwaka yenye kuya itajua kilio ni nini."

"Mwaka yenye kuya mama yangu hatakufwa tena, Franck."

Kwa kuwa maji yalikuwa yamefunguliwa mara nyingi, kompyuta sasa ilikubali kufungua kwa kitambo tu, kisha ikataka kidole tena, na nyumba ya msiba iko mwisho wa avenue, huko mlimani, ambako maji hufika kwa kujivuta. Basi jeneza lilipotoka, Germaine alikuwa ofisini, akibonyeza kila yalipokatika. Tulimzika mama yake bila yeye. Nilikasirika hadi nikashindwa kuimba.

Tuliporudi, beseni lilikuwa limejaa. Tantine Josée, mdogo wa marehemu, akampigia simu.

"Maji iko, mutoto yangu. Bantu bote balinawa. Ni weye tu tuko nangojea."

Germaine alifika amechoka, akasimama mbele ya beseni, akaitazama mikono yake. Haikuwa na udongo.