Kiingilio cha Baba

Kwetu Wawi neno "chama" lilikuwa na maana mbili kabla siasa haijatuletea ya tatu. Maana ya kwanza ilikuwa ya mchana: chama cha kuzikana, chama cha maulidi, watu wakichanga mchele na sukari. Ya pili haikusemwa kwa sauti. Hiyo ilikuwa ya wanga, wachawi wa usiku, wanaokutana porini wakati watu wamelala, wakala kiapo, wakacheza kuuzunguka moto, na ambao, kwa ilivyosemwa, hawamwingizi mtu mpaka atoe kiingilio. Kiingilio chenyewe si fedha. Ni mtu wako wa damu, na akiwa mtoto ndiyo hukubaliwa upesi.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa pia mlezi wa skauti, kazi aliyoifanya bila malipo, kila Jumamosi baada ya alasiri. Na skauti, kama ijulikanavyo, hula kiapo. Huwasha moto porini wakaimba kuuzunguka. Wakisalimiana hupeana mkono wa kushoto, mkono ambao kwetu humpi nao mgeni hata kikombe cha maji. Baba alieleza mara nyingi barazani kwamba kushoto ndiko uliko moyo. Wazee walimsikiliza, wakaitikia kwa adabu, wakaenda zao na lao kifuani.

Yote hayo yalikuwa mzaha mpaka mdogo wangu alipofariki.

Alikuwa hajafikia umri wa kuwa skauti. Baba alimshonea skafu kwa kitambaa kilichobaki, ya kijani, ndogo kama leso, na kila Jumamosi wavulana walipopita mbele ya nyumba yetu kwa mstari, yeye alijiunga nyuma kabisa, miguu mitupu, akijitahidi kukanyaga sawa nao. Aliruhusiwa kufika kwenye kona ya njia tu. Pale baba aligeuka, akampigia saluti, naye akairudisha kwa mkono wowote uliokuwa karibu, kisha akarudi nyumbani mbio. Mama alikuwa haondoki mlangoni mpaka asikie vile visigino vikirudi.

Homa ilimshika mdogo wangu wakati baba yuko kambini na wavulana, kaskazini huko, upande wa Tumbe. Mama alimpa ujumbe dereva wa gari la abiria. Ujumbe ulifika, na jibu likarudi. Homa ikazidi. Siku baba alipoingia uani na mzigo wake mgongoni, mtoto alikuwa ameshazikwa. Sanda ilikatwa na jirani, kwa mkasi wa baba mwenyewe. Niliuona mkasi ule juu ya meza, nyuzi nyeupe zimekwama katika meno yake, na nikamwona baba akizitoa uzi mmoja mmoja.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na watu watatu na sauti za wanne. Mlango ulisukumwa na upepo, sisi sote tukainua vichwa. Mama alipika, alifua, alijibu alipoulizwa. Hakutoka tena na baba kwenda popote, wala harusini wala hitimani. Baba aliendelea kumwita "mama watoto", na hakuna aliyemkumbusha kwamba mtoto sasa ni mmoja.

Kisimani maneno yalianza kwa kuviringishwa, kisha yakaja wazi. Ilipofika habari kwamba baba na walezi wenzake wawili watatunukiwa nishani Chake Chake, mbele ya kamishna wa skauti kutoka Unguja, mwanamke mmoja alimsubiri mama ainamie ndoo ndipo akasema:

"Shoga, hongera. Nasikia mumeo kapandishwa daraja."

"Ahsante."

"Haya. Akipanda tena sijui atatoa nani."

Wenzake wakacheka kwa pua. Mama aliivuta kamba mpaka mwisho, akamwaga maji ndani ya ndoo yake bila kupoteza tone.

"Akitaka tena ntampa weye," alisema. "Huna kazi, hutamaniki, na mumeo atanishukuru."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kweli, na yule mwanamke akabaki anaikaza kanga yake ambayo haikulegea. Lakini njiani mama alitembea haraka mno, maji yakawa yanamwagika, naye hakuyaona. Miye nyuma yake nilijiuliza kitu ambacho mtoto hapaswi kujiuliza: je, na yeye anaamini?

Naamini baba alijiuliza hivyo hivyo. Ndiyo maana siku chache kabla ya sherehe alisimama mlango wa jikoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama watoto. Wake za walezi wametengewa mahali pao pa kukaa."

Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Ukiwepo, watu wataona wenyewe," baba akaendelea. "Lakini usipokuja watasema hata mkewe kamkimbia."

Ungo ulipanda na kushuka. Baba aliigeuza kofia mkononi. Hakuhitaji nishani. Alihitaji mama aonekane amekaa pale.

"Buibui langu limechanika pindoni," mama alisema mwishowe.

Baba alilishona usiku huohuo, mishono midogo isiyoonekana. Sijawahi kuona pindo lililoshonwa kwa woga namna ile.

Uwanja wa skuli huko Chake Chake ulijaa. Wavulana walisimama mistarini, magoti yamepakwa mafuta ya nazi, na nyuma yao wakasimama watu wa kila upande, hata wale ambao siasa ilikuwa imeshawafanya wasinunue duka moja. Kamishna alikuwa Mzungu mrefu mwenye sauti ya chini. Mwalimu mmoja alimfasiria. Walezi wawili wa kwanza walipita, tukapiga makofi. Kisha baba akaitwa.

Mzungu alisema maneno machache. Mwalimu, ambaye aliwahi kutufundisha na aliyependa Kiswahili cha kitabuni, alifikiri kwanza kisha akapaza sauti:

"Kamishna anasema, mtu huyu ametoa. Ametoa kitu kisicho na bei, kwa ajili ya chama hiki!"

Najua sasa alichokusudia. Alitaka kusema baba amejitolea, ametoa wakati wake. Lakini neno lilishatoka, na uwanja ulilipokea kama mtu anavyopokea kikohozi chumbani mwa maiti. Kimya kilianzia mbele kikaenda mpaka nyuma. Baba alikuwa amesimama, nishani imeshachomekwa kifuani, na Mzungu akamnyooshea mkono. Wa kushoto.

Baba hakuutazama mkono ule. Alitutazama sisi.

Nyuma yangu mzee mmoja alinong'ona, "Umeuona, yakhe? Mchana kweupe." Mwanamke pembeni yetu alianza kuinuka kuondoka, na mwingine akamfuata. Nilimshika mama buibui, nikidhani naye atanyanyuka.

"Kaa," mama aliniambia, wala hakunitazama. "Tumekuja kukaa."

Baba alitoa mkono wake wa kushoto. Mama alipiga makofi. Kwa muda makofi yake yalikuwa peke yake uwanjani, makavu kama mtu anayekung'uta mkeka, kisha wavulana wakampokea.

Tulirudi kwa miguu, chini ya mikarafuu. Baba aliivua nishani akaitia mfukoni. Alikuwa mwepesi, karibu mchangamfu, kama mtu aliyetua mzigo, na tulipofika mahali pasipokuwa na nyumba akasema:

"Wallahi sikutoa mtu."

"Najua," mama akajibu.

Baba alisimama. Alikuwa akilingoja neno lile tangu msiba. "Unajua?"

"Uchawi wa nini, bwana? Homa ile niliiona kwa macho yangu. Niliikanda kwa maji, nikamsomea mpaka sauti ikanikauka. Wale kisimani hawajui kitu." Mama alifunua uso wake. "Lakini mwalimu kasema kweli. Nilipokuagizia kwamba mtoto hajiwezi, weye ulijibu nini?"

Baba alitia mkono kwenye mfuko wenye nishani.

"Sema, mtoto wako asikie."

"Nilisema siwezi kuwaacha watoto wa watu."

"Ndiyo. Ukakaa nao. Na wote wakarudi."

Nilikuwa kati yao. Baba alifungua mdomo, nadhani kusema kwamba wale walikuwa watoto, porini, karibu na bahari, amana ya mama zao. Yote hayo yalikuwa kweli, na mama aliyajua kabla yake. Baba akaanza tena kutembea.

Jumamosi iliyofuata baba hakutoka. Alikaa mbele ya cherehani, mguu juu ya kikanyagio, gurudumu halizunguki. Wavulana walikuja wakakaa barazani, wakasukumana kidogo, wakatulia. Jua likaanza kuteremka ukutani. Ndipo mama alipokuja kutoka uani, akaitungua filimbi ya skauti kwenye msumari wake na kuiweka juu ya kitambaa, chini ya sindano.

"Nenda."

"Nimeshaacha, mama watoto."

"Ukiacha sasa," mama alisema, "tutakuwa tumemtoa bure."

Alisema "tutakuwa", si "utakuwa". Baba alilisikia neno lile, nami nikalisikia. Aliichukua filimbi akatoka, na punde mstari ukapita mbele ya nyumba, nyayo juu ya mchanga, skafu za kijani zikielekea kwenye kona. Baba aliendelea na kazi ile miaka mingi. Nishani ilikaa katika saraka ya cherehani, kati ya vibobini vya nyuzi, ikageuka rangi. Aliyoyasema mama chini ya mikarafuu hakuyarudia tena, wala hakuyafuta.

Kila Jumamosi alikaa nyuma ya mlango, mgongo ukutani, akisikiliza. Nyayo zikipita mpaka za mwisho, alikuwa akiniuliza:

"Wamepita wote?"

"Wamepita, mama."

Nilinyoosha mkono kufunga mlango, naye akanizuia kwa kiganja.

"Bado mmoja."