Nilimsema Akinimiminia Kahawa

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabisa ili msije mkanihurumia mkiwa katikati ya kusoma, halafu mkajuta. Hakuna aliyenituma wala aliyenidanganya. Nilikaa kwenye zulia la watu, nikala halua yao, na nikamchinja binti yao kwa maneno huku natabasamu!

Jina langu liacheni. Sisi ni watu wa Ibra, ila nyumbani kwetu husemwa Kiswahili, kwa sababu Bibi, mama yake baba, alizaliwa Unguja na akaja Oman akiwa msichana. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Bibi ndiye aliyetulea, mimi na kaka yangu mmoja.

Rafiki niliyemkosea nitamwita Thuraya. Silo jina lake.

Nilikutana naye skuli, hapo hapo Ibra. Baba yake alikuwa mwalimu wetu, na asili yao ni Jalan Bani Bu Hassan. Thuraya alikuwa na miwani mizito, na mfukoni hakikukosekana kijidaftari. Akisikia neno geni, popote alipo, analiandika. Mwalimu akitoa hesabu tano, yeye anafanya kumi, ati kwa raha zake!

Mimi Kiarabu changu cha darasani kilikuwa kibovu. Nikisimama kusoma wasichana wananicheka. Thuraya hakucheka. Kila mapumziko alikaa na mimi akanifundisha sarufi mpaka nikawashinda wale wale walionicheka. Na shukrani yangu ilikuwa nini? Nikamwachia kazi zangu zote za nyumbani azifanye yeye.

Siku moja akaniambia, "Nifundishe lugha yenu. Bibi yako akinisemesha nataka nimjibu."

Nikamcheka. "Utaipeleka wapi, Thuraya? Jalan utasema na nani?"

Ukweli ni kwamba sikutaka. Nilishaonja utamu wa kumsema na binamu zangu mbele ya uso wake, naye anatutazama tu na kucheka pamoja nasi bila ya kujua anacheka nini.

Tukaenda chuo Nizwa, tukapewa chumba kimoja cha bweni. Yeye yuko mezani anaandika ripoti yangu, mimi niko kitandani na simu, nazungumza na binamu yangu wa Maskati. "Zuzu langu lipo hapa linaniandikia," nasema. "Wallahi shoga, punda huyu hachoki!" Nasema hayo hatua mbili kutoka kwenye masikio yake. Yeye huinua kichwa, huandika kitu kwenye kijidaftari chake, kisha huendelea na ripoti yangu.

Shahada yangu ina jina langu. Lakini kazi ya mwisho iliyonipatia shahada ile kaiandika yeye, tangu mstari wa kwanza. Mungu ananiona.

Baadaye tukapata kazi ofisi moja, hapo hapo Nizwa. Kila Alhamisi tukitoka kazini tunaingia garini mwangu mpaka Ibra, na baba yake, ambaye keshastaafu na kurudi Jalan, anakuja kumchukua kwetu. Akimngojea baba yake, mimi najitupa kulala au natoka kwenda saluni. Yeye anakaa jikoni na Bibi, wanachoma mkate wa ufuta. Nikiwa chumbani nawasikia wanacheka. Sikujiuliza hata mara moja wanacheka kwa lugha gani, na Bibi Kiarabu chake mpaka leo kinachechemea!

Kaka yangu yeye alikuwa na macho. Alianza kurudi nyumbani mapema siku za Alhamisi.

"Bibi, namtaka Thuraya," akasema siku moja tunakula. Bibi akapiga vigelegele peke yake, mkono wenye wali uko hewani.

"Yule?" nikauliza.

"Yule. Kwani wako wangapi?"

Nikacheka, lakini tonge nikalirudisha sahanini. Ule ulikuwa wivu, sina jina jengine la kuupa. Mtu niliyemtuma tangu skuli leo aje awe mke wa kaka yangu mkubwa! Akae karibu na Bibi kuliko mimi! Na siku moja kwenye mazungumzo ya chakula amwambie mumewe shahada ya dada yake kaiandika nani! Usiku na mchana nikawa nafikiria hilo tu.

Baba yake Thuraya alikubali kutupokea, na si jambo dogo. Ndugu zake hawakutaka mtoto wao aolewe na sisi tunaoitwa watu wa Zinjibar. Mzee yule akasimama dhidi ya ndugu zake watatu, akawaambia kijana ana dini na ana tabia, khalas. Ikapangwa Ijumaa baada ya laasiri wanawake wa kwetu waende kumwona binti na kusikia kauli yake.

Bibi magoti yalishamshinda, hakuweza safari ya gari mpaka Jalan. Tukaenda mimi na shangazi, na kaka akatuendesha. Neno la shangazi ndilo ambalo baba yetu angelifuata. Akisema binti anafaa, anafaa. Akikunja uso, mambo yamekwisha.

Bibi alitusindikiza mpaka mlangoni na fimbo yake. "Msikilizeni vizuri mwanangu Thuraya," akasema, na huku anacheka mwenyewe. "Leo ana kitu cha kukwambieni."

Sikumjali. Nilishapanga maneno yangu.

Tulipofika, kaka akaenda kukaa na wanaume. Sisi tukakaribishwa ndani na mama yake Thuraya, mama mpole, furaha imemjaa mpaka hajui akae wapi. Halua, tende, matunda, kila kitu. Kisha akaingia Thuraya na birika la kahawa. Kavaa nguo ya kijani iliyotariziwa, na miwani yake ile ile. Akatubusu, akaanza kutumiminia.

Nikamsogelea shangazi. Nikaonja halua, nikatikisa kichwa kama naisifu, nikatabasamu kwa mama mwenye nyumba. Kisha nikaanza, kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa.

"Shangazi, mtazame vizuri. Akivua hiyo miwani haoni hata mume."

Shangazi akaziba mdomo kwa shela. "Astaghfirullah, we mtoto! Nyamaza."

"Nani atajua? Hawa hawasikii Kiswahili. Mtazame tu, kama bundi. Watoto watakaotoka hapo watazaliwa na vitabu mkononi!"

Shangazi mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Thuraya akamimina kikombe cha pili. Nikaona mkono wake umetulia. Nikaona nina nafasi.

"Namjua tangu skuli. Huyu si wa kuolewa, huyu ni wa kutumwa. Ukimtupia kazi, anafanya. Hana rafiki duniani ila mimi, na mimi niko naye kwa sababu ananifanyia kazi zangu. Siku akiacha kuzifanya, hata salamu yangu hatoiona."

"Lakini kaka yako kampenda," akasema shangazi, na kicheko kimeshampungua.

"Kaka kampenda kwa sababu Bibi kamsifia. Bibi naye mtu mzima, akipata wa kumkandia unga anaona kapata malaika. Sema hafai, shangazi. Tutafute msichana wa kutazamika."

Hayo yote nayasema natabasamu! Mama yake ananitabasamia na mimi, ananisogezea sahani ya tende.

Nikatikisa kikombe changu, kama ilivyo ada, kuonyesha kahawa imetosha. Thuraya alikuwa amepiga magoti mbele yangu, birika mkononi. Akanitazama.

"Umetosheka?" akaniuliza. "Au nikuongeze?"

Kwa Kiswahili! Na si Kiswahili cha kubabaisha kama changu. Kiswahili cha Bibi, kile cha mjini Unguja cha zamani, kila herufi mahala pake.

Kikombe kikanitoka mkononi.

Akamgeukia shangazi. "Shikamoo, shangazi. Nilitaka nikuamkie tangu ulipoingia, ila nilikuwa naiweka mpaka mwisho. Bibi kanifundisha namna ya kukwambieni kuwa nimekubali. Nimeyasoma maneno yale miezi miwili." Akaliweka birika chini. "Sasa siyakumbuki. Nisameheni."

Mama yake, maskini, alisikia Kiswahili kinatoka kinywani mwa mwanawe akapiga makofi kwa furaha. "Mashallah!" akasema kwa Kiarabu. "Mmemsikia? Kumbe anaijua lugha yenu! Alinificha hata mimi!" Akamwita jirani aliyekuwa jikoni aje asikie. Akamwambia mwanawe aseme tena.

Thuraya hakusema tena. Akaokota vipande vya kikombe changu kimoja kimoja, akaviweka kwenye sinia, akatoka.

Mngedhani hapo ningejuta. Wapi! Garini, nyuma ya kaka, nilichoogopa ni kujulikana tu. Siku mbili baadaye baba yake Thuraya akapiga simu kwa adabu zake zote, akasema hakuna nasibu, binti hakukubali. Kaka akanijia uso umemwiva. "Kwa nini? Wewe rafiki yake. Kasema nini?"

Na mimi nikamjibu, "Si ami zake? Wametukataa kwa asili yetu. Ulitegemea nini?"

Nilimdanganya kaka yangu kwenye kidonda. Akaamini. Mtu aliyezaliwa Ibra, aliyesoma Ibra, akaanza kutembea kama mgeni katika mji wake. Bibi naye aliposikia akaenda kulala bila kula. Akasema hakudhani atayasikia hayo tena kabla ya kufa. Na mimi nikamfunika blanketi, nikamwambia pole Bibi! Shangazi alijua, lakini aliona haya ya kicheko chake, akanyamaza.

Kule ofisini Thuraya akaomba uhamisho wa Sur. Siku ya mwisho alinipa mafaili yangu yote, yale aliyoyakamilisha na yale ambayo bado, yamepangwa vizuri. Akaniaga kwa Kiarabu, "Maa salama." Basi.

Wiki ya tatu baba yake akapita kwetu, yuko njiani anakwenda Nizwa. Hakushuka. Alimpa kaka bahasha, akasema ni amana ya Bibi kutoka kwa Thuraya.

Kilikuwa kile kijidaftari.

Bibi anasoma herufi za Kiarabu, na Thuraya aliandika Kiswahili chote kwa herufi hizo, na maana pembeni. Bibi akakisoma peke yake asubuhi nzima. Kisha akatuita sebuleni, mimi na kaka. Akanitupia mapajani.

"Soma," akasema. "Kaka yako asikie."

Nikasoma. Mwanzo yalikuwa maneno ya bweni la Nizwa, maneno yangu ya kwenye simu. Aliyaandika alivyoyasikia, bila ya kujua maana, na miaka baadaye akaja kumwuliza Bibi. Punda: mnyama mwenye subira. Zuzu: jina la mtoto anayependwa.

Nikasita. Bibi akasema, "Hiyo maana nimempa mimi. Aliniuliza, akasema rafiki yake humwita hivyo. Nikaona haya kumwambia kweli. Nikadhani mnataniana. Ungeliona alivyofurahi siku ile! Endelea."

Ukurasa wa mwisho juu kulikuwa na maneno aliyofundishwa na Bibi, kwa mwandiko mzuri: Nimeridhia kuwa mtoto wenu. Yamepigwa mstari mmoja katikati. Chini yake yalifuata yale yangu ya Jalan, yote, niliyoyasema halua mkononi na tabasamu usoni. Si wa kuolewa, wa kutumwa. Hana rafiki duniani ila mimi. Pembeni yake hakuandika maana. Hakuhitaji kumwuliza mtu.

Kaka alisimama kabla sijamaliza. Hakunigusa wala hakunitukana. Alichukua funguo zake akatoka, na mpaka leo akija anamsalimia Bibi na anapita mbele yangu kama anayepita mbele ya kabati. Alikwenda Jalan kuomba radhi. Mzee alimpokea vizuri, akamnywesha kahawa, akamwambia mlango umefungwa kwa mkono wa binti mwenyewe na yeye hawezi kuufungua.

Nikamwangukia Bibi miguuni. Akaniondoa mikono.

"Nilipotoka Unguja sikuchukua kitu," akasema. "Nguo moja na hii lugha. Nimeiweka humu ndani mpaka leo, nikakulisheni nayo. Wewe umeifanya pa kutemea mate. Basi huna haki nayo."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu kwa Kiswahili.

Tangu siku ile Bibi hunisemesha Kiarabu tu. Kiarabu chake kile cha kutafuta maneno! Akitaka maji ananiomba kama anavyomwomba mhudumu wa hospitali, "min fadhlik," tafadhali ya watu baki. Nikimwamkia shikamoo, ananijibu wa alaikum salaam.

Ofisini nako nimeumbuka. Ripoti ya kwanza niliyoiandika mwenyewe mkubwa wangu aliirudisha akaniuliza nani kaniandikia hii. Lakini hilo si kitu. Kama ningeweza kuitoa kazi nikapewa shikamoo moja yenye marahaba, ningeitoa leo.

Enyi mliojaaliwa lugha ya pili nyumbani kwenu, na mkakaa kwenye majlisi za watu mkijiona mko nyuma ya ukuta, sikilizeni. Hakuna ukuta! Yule mnayemcheka kwa miwani yake na vitabu vyake, yule anayewafanyia kazi zenu bila kuuliza, anasoma. Ndiyo kazi yake, kusoma. Na siku moja atakuwa amekusomeni nyinyi mpaka ukurasa wa mwisho.

Kila Ijumaa baada ya sala simu ya Bibi inalia. Ni Thuraya, kutoka Sur. Nasimama nje ya mlango wa jikoni nikiwasikiliza. Wanaulizana habari, Bibi anamsahihisha neno, wanacheka mpaka Bibi anakohoa. Jana niliingia kumpelekea maji. Bibi akaniona, akaiweka simu kifuani, akangoja. Nikaweka glasi mezani. Akasema "shukran," na akangoja tena mpaka nikatoka.