Kiatu cha Marehemu Ambrose

Doreen Pittman hakuwa mtu wa kudanganywa na maneno matupu. Miaka ishirini na sita ya uuguzi, yote kwenye ghuba moja ya Newfoundland, kisiwa cha Kanada, nyumba hadi nyumba, na mfukoni mwa koti lake hamkukosa rula ya karatasi ya kupimia vidonda. Kwake yeye, kisichopimika hakipo. Aliposikia kwamba kuna utafiti wa kukaa tu na wagonjwa na kuwaacha waseme yaliyo moyoni, bila tarakimu hata moja, alicheka mpaka akapaliwa na biskuti.

"Huo ni umbea uliovaa tai," aliwaambia wenzake.

Mkuu wake wa kazi, mama mpole lakini mwenye vituko, akamsikia. Kila mwezi wauguzi wa ghuba ile hula pamoja mchana, na mmoja wao huwaeleza wengine utafiti aliousoma. Zamu ikaangukia kwa Doreen, na utafiti akapewa huohuo. Aliyataka mwenyewe.

Aliusoma jikoni kwake, miguu juu ya kiti. Watafiti walikuwa wamewauliza watu wenye vidonda sugu vya miguu swali dogo tu: siku yako huwaje? Nao wakamwaga yote. Walitaja harufu, ambayo hakuna muuguzi aliyewahi kuwauliza. Walitaja viatu visivyoingia juu ya bendeji nene. Wengi walikiri kwamba huivua bendeji, tena si kwa ukaidi, ni kwa aibu. Doreen akaacha kutafuna. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa bingwa wa kupima vitanda vya watu. Akamkumbuka Bi Philomena Careen.

Bi Philomena alikuwa mjane wa miaka themanini na moja, zamani mkata samaki kiwandani, mwenye ulimi uliobaki mkali kuliko kisu chake. Juu ya kifundo cha mguu alikuwa na kidonda kilichogoma kupona. Bila bendeji ya kubana kisingepona, na daktari alishasema waziwazi: kisipopungua kufikia Pasaka, mguu utakatwa chini ya goti. Na bado, kila Alhamisi Doreen alipofika, aliikuta bendeji kwenye ndoo ya taka. Kila mara aliandika kwenye faili: Hafuati maelekezo. Sasa akafungua faili akahesabu. Mara kumi na moja.

Alhamisi iliyofuata alikaa mbele ya Bi Philomena, akatoa karatasi, akasoma kama karani wa mahakama. "Naomba unieleze siku yako huwaje ukiwa na kidonda hiki."

"Ala! Umekuwa padri lini?" Bi Philomena alimkazia macho. "Mwanangu, pima uende zako. Barabara ina barafu."

"Leo sipimi kwanza."

"Unaumwa?"

Doreen akairudisha rula mfukoni akaomba chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika nyumba ile. Akala vipande viwili vya mkate wa zabibu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama, kinanuka?"

Bi Philomena aligeukia dirisha.

"Gus Whiffen alifungua dirisha," alisema. "Tuko ukumbi wa parokia, tunacheza karata, Novemba, upepo unapeperusha karata mezani. Eti anasikia joto! Gus, anayelala na soksi mbili! Sikukanyaga tena."

"Kama huendi popote, bendeji unaivulia nini?"

"Nani kakwambia siendi?" aling'aka. Halafu sauti ikashuka. "Jumatano ndiyo siku ya karata. Kila Jumatano naivua, nauosha mguu kwa sabuni, navaa viatu, napaka rangi ya mdomo. Nafika mlango huo hapo. Halafu nanusa. Basi, narudi kukaa kwenye kiti hiki na koti langu, mpaka nisikie magari yao yanarudi."

Doreen alilia. Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia kabisa, mpaka Bi Philomena akamrushia kitambaa cha kufutia vyombo. Mara kumi na moja alimwandika mkaidi mwanamke aliyekuwa amejipamba kwenda kwa wenzake.

Ziara zikahamia Jumatano mchana, ili bendeji iwe mpya saa ya karata. Kitambaa chenye mkaa, kile cha kunyonya harufu ya kidonda, kumbe kilikuwa kwenye ghala la wauguzi siku zote. Hakuna aliyekiagiza kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kikabaki kiatu. Bi Philomena mwenyewe alikwenda kabatini akarudi na kiatu cheusi cha kanisani cha marehemu mumewe, Ambrose. Mguu ukaingia na bendeji yake yote.

"Miaka arobaini na minane nilimcheka kwa miguu yake mikubwa," alisema akikitazama. "Maskini, kumbe alikuwa ananiwekea."

Doreen akaona asipolisema sasa hatalisema tena. "Mama, niliandika kwenye faili kwamba hufuati maelekezo."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi utakuwa mwenzangu wa karata Jumatano kumi na moja. Na najua hujui kucheza, kwa hiyo adhabu ni yangu pia. Nipe koti."

Kwenye chakula cha wauguzi Doreen hakuchukua hata dakika tano. "Kawaulizeni kuhusu harufu," alisema, "halafu mfunge midomo." Akakaa akaendelea na supu yake.

Wiki ya Pasaka rula ikatoka mfukoni. Kidonda kilikuwa kimepungua zaidi ya nusu, na daktari akasema mguu unabaki. Doreen aliiandika tarakimu ile kwa furaha, asikwambie mtu. Kisha, chini yake, akaongeza kwa mkono wake uleule: "Amekwenda karata Jumatano tisa mfululizo. Tumefungwa zote. Zimebaki mbili."