Kona ya Ukuta Ambayo Dani Hakuisiriba

Enzi zetu kule Awendo, ubao wa hesabu ulikuwa ukuta wa jikoni. Karatasi ilikuwa ya kazi safi tu. Makosa tuliyafanya kwa makaa kwenye udongo, kisha kila Jumamosi Dani, nyanya yetu, alichanganya udongo na samadi akausiriba ukuta upya, nayo yakafunikwa yote.

Nikiwa kidato cha pili, aljebra ilinitoa jasho. Mwalimu alitangaza kwamba atakayeshindwa na mlinganyo ubaoni Jumatatu atarudishwa kidato cha kwanza. Huko ndiko alikokuwa mdogo wangu Atieno, msichana mwenye mdomo kama redio. Nilikosa usingizi nikifikiria kuketi naye dawati moja.

Jumamosi hiyo wageni wa posa ya shangazi walikuwa njiani, nami bado nimekwama ukutani: x² − x − 12 = 0. Nilitafuta nambari mbili ambazo zikizidishwa ni −12 na zikijumlishwa ni −1. Nikapata 3 na −4, nikashangilia, nikaziandika kuwa ndizo jawabu. Nilipozijaribu kwenye mlinganyo, sufuri ikakataa kuja. Machozi yakanilengalenga.

Shangazi akafika na ndoo ya udongo. "Mama, wageni wataona huu uchafu!"

Dani, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, akaichukua ile ndoo. "Si uchafu. Mtoto hajamaliza." Akanigeukia: "Nyathina, mwanangu, maliza pole pole."

Akausiriba ukuta wote, akaizunguka kona yangu. Nilipenda watu wengi utotoni, lakini sijui kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Dani saa ile. Nikatulia, nikaandika mabano, (x + 3)(x − 4), nikajiuliza ni nini kitafanya kila bano liwe sufuri. Alama zikageuka: −3 na 4. Nikapiga kelele, na wageni wakanikuta na masizi hadi puani.

"Hiyo ni kazi ya mjukuu wangu," Dani akawaambia, akiionyesha ile kona kama anayeonyesha ng'ombe wa maziwa. Jumatatu sikurudishwa popote.

Siku hizi mwanangu huzipiga picha hesabu zake kwa simu, na jawabu hufika kabla hajaketi vizuri. Juzi mtandao ulipopotea, nilimpa kipande cha makaa nikamwonyesha ukuta wa sebule.

"Mum, na hii rangi yote?" akacheka.

Nilicheka pia, lakini moyo uliniuma. Dani alishatuacha, na lile jiko lilibomolewa. Nyumba yangu ni safi, na sijui mwanangu hukosea wapi.