Mama Yangu Alisema Mbili

Mama yangu alivunjika mguu shambani Nyabiondo, kwenye mteremko, akiwa na kikapu cha mihogo mgongoni. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka barabarani, akafikishwa na kupasuliwa katika hospitali ambayo jina lake naliacha, maana kuugua bado tutaugua na huenda tukarudi kule kule.

Kila asubuhi muuguzi, mwanamume ambaye wote tulimwita Papa kwa heshima, alikuja kumbadilishia bandeji. Alikuwa ametoka semina, na semina ilikuwa imempanda kichwani. Ukutani alibandika karatasi yenye nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia, na chini ya kila uso namba. Dawa kali za maumivu zilifungiwa kabatini, ufunguo ukaning'inia shingoni mwake utadhani ndani mna sakramenti. Mgonjwa aliyetaja namba kubwa alichomwa sindano. Wa namba ndogo alipewa kidonge cha parasetamoli na pole.

"Mama, kutoka ziro mpaka kumi, maumivu iko ngapi?"

"Kidogo tu, Papa. Weka mbili."

"Mbili! Musikie wote, huyu njo mugonjwa muzuri!"

Halafu akaivuta bandeji iliyokwisha kugandamana na kidonda. Mama alishika chuma cha kitanda, jasho likamtiririka hadi shingoni, wala hakutoa sauti. Kwenye kitanda cha jirani alilala baba mmoja aliyeshonwa kidole. Huyo alitangaza kumi kabla hajaulizwa, akamwita mama yake aliyekufa zamani, akapata sindano yake, akakoroma hadi adhuhuri. Nilimchukia, Mungu anisamehe, yeye pamoja na kile kidole chake.

Nilimsihi mama aseme ukweli. Akanikemea kwa sauti ya chini: "Muntu anakuuliza unataka ngapi, unasema kumi? Ile tamaa nilikufundisha mimi? Nasema kidogo, yeye njo anapashwa kuongeza."

Kwetu mgeni akiulizwa apakuliwe fufu, ugali wetu wa muhogo, kiasi gani, hujibu kidogo, hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Mwenye nyumba hujifanya kiziwi, akamrundikia sahani. Basi mama alikuwa akingoja kurundikiwa. Mguu unawaka moto, yeye anangoja, na mwenye nyumba wetu mwenye ufunguo anaambiwa mbili, anaamini mbili. Angekuwa ametoka ng'ambo ningemsamehe. Lakini alizaliwa kwenye vilima hivi hivi, na fufu alikula hiyo hiyo.

Asubuhi iliyofuata nilimzuia mlangoni na trei yake. Nilimwambia mama anaumia vibaya. Akanijibu kwa upole wa mtu mwenye cheti kwamba dawa kali inazoesha watu, wanashindwa kuiacha, kwamba wamama wa milimani wako na nguvu, wanazaa bila kulia, na kwamba namba ni ya mgonjwa mwenyewe, semina ilisema hivyo.

"Papa, siku ukikuja kwetu, nikuulize unataka fufu ngapi, utajibu nini?"

"Kidogo."

"Na mimi nikupe kidogo?"

Alicheka. Kisha kicheko kikamkauka. "Nitasema ile nyumba haina watu."

Aliutazama ufunguo wake, akaenda kufungua kabati. Alimchoma mama sindano, akangoja ifanye kazi, ndipo akaishika bandeji. Mama alikuwa tayari ameshika chuma cha kitanda na kufumba macho. Bandeji ikatoka yote. Mama akafumbua jicho moja, akautazama mguu wake, akaachia chuma.

"Sasa iko ngapi, Mama?" muuguzi aliuliza.

Mama alinigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya maharagwe sokoni: "Kumbe ile dawa ilikuwa hapa siku zote?"

Muuguzi aliinama kwenye trei akatafuta mkasi, na mkasi alikuwa nao mkononi.