Mafuta Niliyoyafua

Nikikaa nyumbani Pasiansi, hapa Mwanza, wiki mbili, miguu inaanza kuniwasha. Ndugu zangu wamejenga Buswelu na kuweka mageti. Mimi nina begi. Ila siku hizi hata ziwa halinitulizi. Mawazo yananirudisha bondeni, safari ya kutwa nzima kutoka Mwanza, tulikokuwa tukitafuta mafuta.

Kazi yangu ilikuwa kuosha chenga za mwamba zilizopandishwa na mtambo wa kuchimba kisima, kuzikausha na kuzitia kwenye mifuko iliyoandikwa kina chake. Tabaka la juu, la mchanga, lilitoa maji matupu. Mjiolojia wetu, dada wa miaka thelathini hivi, akawaomba wakubwa ashuke zaidi, hadi kwenye mwamba wa chokaa. Walimpa siku nne tu.

Mimi nimelelewa na mama muuza dagaa. Kwetu dagaa wenye mchanga ni aibu ya nyumba. Unaosha mpaka maji yabaki meupe. Basi nilipoona chenga za chokaa zinateleza, nikaongeza sabuni ya unga. Nikaosha zote, hata za mfuko mmoja ambao yule dada alitaka ubaki na tope lake bila kuoshwa. Wenzangu wakaniita Mama Dagaa, mwanamume mzima, nami nikajiona fundi.

Siku ya tatu yule dada alizimulika chenga zangu kwa taa yake ya zambarau, ile inayofanya mafuta yang'ae, hakuona kitu. Tukasikia kisima kinafungwa kesho. Nitasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa pale miezi mitano, nimechoka kuona kilima kilekile. Kisha nikamwaga maji ya beseni, nikaona maji yana rangi za upinde wa mvua, kama yale ya gatini Kamanga kivuko kinapowasha injini na kuvujisha mafuta.

Ningenyamaza, keshokutwa ningekuwa Mwanza. Nilizunguka kibanda cha yule dada mara tatu. Mwishowe nikachota mtamboni chenga mbichi ambazo sijaziosha, na tope lake, nikampelekea, nikamweleza habari ya sabuni.

Alizimulika. Zikawaka rangi ya dhahabu.

“Kaka,” akasema taratibu, “siku tatu zote umekuwa ukinifulia mafuta.”

Nikamwambia anifukuze tu.

“Huendi popote. Utanionyesha mfuko upi uliusugua, na kwa kiasi gani.”

Wakubwa walimwongezea siku, kisha miezi. Nikawa nakaa naye mezani asubuhi hadi jioni, mfuko kwa mfuko, huku malori yakishusha mabomba mapya na kuondoka matupu kuelekea Mwanza.