Mbwa wa Shimo la Teague

Velma Stancil alikuwa dereva wa basi la shule kaskazini mashariki mwa Alabama, kwenye vilima vilivyotobolewa mashimo kama chujio. Siku za mapumziko alishuka mashimo hayo kwa kamba, na hakuna aliyemshangaa. Wengine huenda kuvua samaki, Velma huenda shimoni.

Jumamosi moja ya Machi, akiwa anapasha moto maharage na mkate wa mahindi, simu ililia. Alikuwa Garland Teague, jirani mfuga ng'ombe, anahema kama aliyekimbizwa. Mbwa wake wa kuwindia, Dumplin, alikuwa ametumbukia kwenye shimo lililo nyuma ya malisho.

"Namsikia analia, Velma! Njoo, dada, nakuomba!"

Velma alizima jiko, akatoa kamba, akatoa na kishushio chake. Ni fremu ndefu ya chuma iliyopinda kama kibanio cha nywele, imepangwa vipau vya kukingama. Kamba hupita nyuma ya kipau kimoja na mbele ya kingine, vinaibana, na mtu anateremka polepole badala ya kuanguka. Vipau vyake vilikuwa vya alumini. Alivipapasa kimoja kimoja. Kamba zenye tope zilikuwa zimevila hadi vikachimbika mifereji. Kuning'inia kwenye vitu vile kulikuwa ni kujitakia kifo.

Akawapigia wenzake wawili wa mashimoni, Hubert Latham na Jolene Maddox. Walifika malishoni karibu pamoja, kila mmoja na vipau vya akiba mkononi, na hapo ndipo Velma alipoanza kuchanganyikiwa.

"Chukua hivi vya alumini, vipya kabisa," alisema Hubert, mzee mwenye ndevu za mbuzi. "Vinaing'ata kamba. Ukitaka kusimama, unasimama."

"Vinaing'ata, nayo inavitafuna!" Jolene alimkata. "Tope la huku ni msasa mtupu. Chukua vyangu vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, Velma. Hivi vitaishi hata wewe ukishakufa."

"Mwanamke we, hayo ndiyo maneno ya kumwambia mtu aliye mdomoni mwa shimo?"

"Na wewe nyamaza, Hubert. Velma ni mwepesi, na kamba hii imekakamaa. Kwa alumini yako atabaki hapo juu ananing'inia kama shati lililoanikwa."

"Na kwa stenlesi yako atakwenda kama ndoo iliyokatika kamba!"

Velma aliinua mkono. "Ngojeni. Alumini inashika zaidi?"

"Ndiyo," walijibu wote wawili.

"Na stenlesi inateleza zaidi, lakini inadumu?"

"Ndiyo."

"Sasa mnagombania nini?"

Walitazamana. Kisha wakaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi. Garland alisimama kando anakunja kofia yake, na kule chini mbwa akatoa mlio mrefu. Velma alinyoosha mkono bila kuangalia, ukaangukia vipau vya Jolene. Akavifunga kwenye fremu, akapitisha kamba waliyokwisha kuifunga mtini, akarudi nyuma hadi ukingoni, akashuka.

Cha ajabu, hakwenda. Uzito wa kamba yote iliyoning'inia chini yake uliibana ile stenlesi kama alumini, ikabidi aisukume kamba kwa mkono ipite. "Ndoo iliyokatika iko wapi?" alinong'ona. Akafungua kipau cha chini kabisa, akaanza kusogea vizuri. Alipofika katikati, kamba iliyobaki chini ikawa fupi na nyepesi, naye akaanza kuteleza. Ukuta ulimpita mbio. Aliikamata kamba kwa nguvu, akarudisha kipau, akavisukuma vyote juu vibanane. Akasimama.

Au alidhani amesimama. Ukungu ulikuwa umejaa, taa yake haikuona ukuta wowote, na kamba ilikuwa inamzungusha. Anashuka? Anapanda? Mlio wa mbwa uligonga huku ukarudi kule, na kuna wakati aliapa kwamba mbwa yuko juu yake. Aliogopa kulegeza mkono, akaogopa pia kutolegeza. Mwishowe alifumba macho, akaiachia kamba ipite kidogo kidogo, hadi miguu ikagusa majani makavu.

Mbwa alikuwa juu ya lundo la majani na nyaya kuukuu za uzio, anatetemeka, mguu mmoja umevimba. Velma alimtia kwenye mfuko mkubwa, akaufunga kwenye kamba, akampigia kelele Hubert avute. Kisha kamba iliporudishwa, naye akapanda kwa vibano vyake vya kupandia, taratibu, jasho likimtiririka.

Alipotoa kichwa juu, alitegemea vifijo. Wote watatu walikuwa wameinama juu ya mfuko.

"Velma," Garland alisema, "huyu nani?"

"Unaniuliza mimi? Si mbwa wako?"

"Dumplin ni dume. Tena kahawia. Huyu jike ana madoadoa." Alikodoa macho shimoni. "Hukumwona mwingine?"

"Hakuna mwingine, Garland! Nimemulika kila kona."

Simu ya Garland ikalia. Mkewe, Earlene, alikuwa anauliza kama amwoshe Dumplin, maana amejaa tope na amelala chini ya baraza. Garland alikaa chini kwenye majani, akacheka huku machozi yanamtoka. Velma hakujua acheke au ampige kwa kofia yake ngumu ya shimoni.

Wiki kadhaa waliulizia kanisani na kwenye duka la chakula cha mifugo. Hakuna aliyepoteza mbwa jike wa madoadoa, wala aliyewahi kumwona. Garland akabaki naye.

Jumapili moja Velma alipita kumjulia hali mbwa yule, amemfungia kipande cha nyama. Mbwa alitoka barazani anachechemea, akamtazama, akasimamisha manyoya, akambwekea kwa hasira kama anayembwekea mwizi.

"Ni mimi, we mbwa," Velma alisema. "Mimi ndiye niliyekutoa."

Mbwa akazidi kubweka. Velma alisimama pale langoni na nyama yake mkononi, hajui aingie ama aondoke.